Zubeda Namba Moja na Dosye ya Mwisho

Miaka ile ya vita, ukishuka Buyenzi na kuuliza nani anaandika dosye za maombi ya shule, hata mtoto anayejifunza kutembea angekuonyesha. Avenyu ya kumi na nne, chini ya kibaraza cha muuza vipuri vya magari, palikuwa na meza moja, taipureta moja nzito kuliko gunia la mchele, na nyuma yake mama mmoja mnene, kilemba kimefungwa sawasawa, amekaa wima kama hakimu. Huyo ndiye Zubeda. Jina alilopewa na wazazi watu walikuwa wamelisahau nusu. Walimwita Namba Moja, naye aliitika.

Jina hilo alilitolea jasho. Chuo chochote cha Bujumbura kikitangaza kwamba kinapokea maombi, dosye ya kwanza kufika dirishani ilikuwa ya mteja wa Zubeda. Ya pili haikumpendeza. Makarani wa vyuo walikuwa wakifungua dirisha asubuhi na kukuta bahasha ya kaki inawasubiri, anwani imepigwa katikati bila kupinda, na waliujua mkono wake kabla ya kusoma jina. Mteja akileta uvivu, eti atakuja wiki ijayo, Zubeda alimtazama kuanzia viatu hadi nywele na kumwambia chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Na mteja alirudi kesho yake na picha zake nne.

Alikuwa na utaratibu wake ambao wapiga taipu wengine hawakuwa nao. Kila barua ya maombi aliipiga na karatasi ya kaboni, akabaki na nakala, maana wakati wa vita ofisi zilikuwa zikiungua na dosye zikipotea. Nyuma ya nakala aliandika kwa kalamu alama za mwombaji. Matokeo yakitoka, mteja alikuwa na wajibu wa kuja kumwambia, awe amecheka au amelia. Aliyefaulu, Zubeda alikunja pembe ya karatasi yake. Makatoni matatu yalijaa nyumbani kwake Gasenyi, chini ya kitanda, na akiwa na mgeni wa kumringia aliyavuta na kuonyesha pembe zilizokunjwa.

Imani hiyo ya mapema hakuiokota barabarani. Mwaka 1993 alikuwa na miaka ishirini na sita, na alikuwa ameandaa maombi yake mwenyewe ya kusomea ukarani wa mahakama. Dosye ilikuwa tayari Jumatatu. Jumanne jua lilikuwa kali, akasema kesho. Jumatano akapiga pasi gauni, akasema kesho, nifike nimependeza. Alhamisi ilikuwa tarehe ishirini na moja Oktoba. Kabla ya jioni mji mzima ulikuwa umejua kwamba rais ameuawa, na watu hawakuwa na haja tena na dirisha wala dosye. Tangu hapo Zubeda hakumsamehe mtu aliyetamka neno kesho mbele yake, akianza na yeye mwenyewe.

Miaka mitatu baadaye kaka yake Atumani, dereva wa lori, alipigwa risasi akafa kwenye shambulio la barabarani, akiwa anarudi na mzigo wa maharage. Mke wake alikuwa ameshafariki zamani, kitandani kwa uzazi, yeye na kitoto chake, kwa sababu mkunga alifika wakati mambo yameshakwisha. Akabaki binti mmoja wa miaka kumi na mitano, Assia. Zubeda, ambaye hakuolewa na hakuona sababu ya kumweleza mtu kwa nini, alihamia nyumba ya kaka yake Gasenyi na kumlea mtoto huyo. Alimlea kwa ukali na kwa mapenzi, na mara nyingi Assia hakuweza kutofautisha.

Sasa tufike mwaka 2003. Assia ana miaka ishirini na miwili na yumo darasa la mwisho la sekondari, kwa sababu vita vilikuwa vimemlia miaka kama panya anavyokula gunia, kidogo hapa, kidogo pale. Kitu anachokitaka ni kimoja tu: Chuo cha Ukunga kilichoko Kiriri, juu kwenye majumba ya wakubwa. Chuo kile kilichukua wanafunzi thelathini, na waombaji hawakupungua mia sita. Na hakikupokea mtu aliyepita miaka ishirini na miwili. Kwa Assia ulikuwa mwaka wa kwanza kuomba na wa mwisho.

Mwaka huo chuo kilitangaza utaratibu mpya. Maombi yatapokelewa mara mbili. Wanaoomba kufikia mwisho wa Machi watatazamwa kwanza, na watagawiwa nafasi kumi na tano. Nafasi kumi na tano zilizobaki ni za wale wa Julai. Lakini wa Machi walitia sahihi kwamba hawataomba mahali pengine, na aliyekataliwa Machi hakuruhusiwa kurudi Julai. Zubeda aliposoma tangazo hilo nusura apige vigelegele. Nafasi kumi na tano, na watu wanaojua kuwahi ni wachache! Wiki ile ile alianza kukusanya karatasi za Assia: cheti cha kuzaliwa, picha, cheti cha tabia njema chenye muhuri wa mkuu wa mtaa. Tarehe ishirini na nane Machi kila kitu kilikuwa ndani ya bahasha, kasoro sahihi ya Assia.

Assia hakutia sahihi. Muhula wa kwanza alikuwa amekosa shule wiki saba kwa sababu ya njia kufungwa, na buletini yake ya alama ilisema hamsini na nne kwa mia. Muhula wa pili alipanda hadi hamsini na nane. Mwalimu wake wa kemia, Adrien, alikuwa akimfundisha yeye na wenzake kila Jumamosi, na alikuwa amemwambia kwamba muhula wa tatu utakuwa mwingine kabisa. Assia akamwambia shangazi yake kwamba atasubiri Julai.

Nyumba ilichafuka. Zubeda alisema maneno yote anayoyajua kuhusu kuchelewa, ya Kiswahili na ya Kirundi, na yalipokwisha akaanza upya. Alimkumbusha gauni lile lililopigwa pasi. Alimuuliza nani kamwambia kwamba Julai ipo. Assia alimsikiliza hadi mwisho, kisha akainama, akavuta makatoni kutoka chini ya kitanda na kuyamwaga mkekani.

Ilikuwa Jumapili mchana. Waliketi chini wote wawili, shangazi amenuna, mpwa anapanga karatasi. Kwanza alitenga za mapema na za kuchelewa. Zubeda akatabasamu, maana upande wa mapema pembe zilizokunjwa zilikuwa nyingi kweli. Ndipo Assia akazipanga tena, safari hii kwa alama zilizoandikwa nyuma.

Waliopata zaidi ya sabini, karibu wote walikuwa wameingia, wa siku ya kwanza na wa siku ya mwisho. Wa kati ya sitini na sabini, wale waliowahi walikuwa wameingia wengi kidogo kuliko waliochelewa. Hapo Zubeda alikuwa na haki yake na Assia alimpa. Chini ya sitini palikuwa na karatasi thelathini na tisa. Nyingi zilipelekwa mapema, nyingine siku ile ile dirisha lilipofunguliwa. Hakuna hata moja iliyokunjwa.

"Shangazi," Assia akasema, "hawa wa mbele waliingia juu ya kuwa wa mbele, ao juu ya kuwa tayari?"

Zubeda alikuwa ameshika karatasi ya kijana mmoja aitwaye Mugisho, mkimbizi kutoka Bukavu, aliyetaka kusomea umeme. Kijana yule alikuwa amemwomba wangoje alama za mwisho wa mwaka. Yeye alimcheka, akamsukuma, dosye yake ikawa ya kwanza dirishani, na jibu lilikuwa hapana. Alikuja kumwambia kwa adabu, kama wajibu ulivyotaka, akashukuru na kwenda zake. Miaka minne Zubeda alikuwa amekumbuka tu kwamba dosye ile ilikuwa ya kwanza. Sasa aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopasha masikio moto. Alikuwa ameringa kwa pembe zilizokunjwa na hakuwahi kuhesabu zilizonyooka.

Alizirudisha karatasi katonini moja moja. Kisha akasema, bila kumtazama mtoto, "Haya. Tungoje. Lakini mi sitalala."

Na kweli hakulala vizuri miezi ile mitatu. Kwa mtu aliyezoea kuwahi, kukaa na bahasha iliyojaa ni mateso. Aliiweka juu ya kabati, akaishusha, akaipangusa vumbi, akairudisha. Assia alisoma kemia hadi akawa anaiota. Mwezi Julai ulipoingia buletini ikatoka, Jumamosi tarehe tano: sabini na mbili kwa mia, na kemia juu ya themanini. Zubeda aliibeba mtaani kama anayetangaza arusi. Aliwasomea majirani ambao hawakuuliza. Jumatatu asubuhi, alisema, sisi na jua tutafika Kiriri pamoja.

Jumatatu asubuhi mizinga ililia kusini mwa mji.

Waliokuwepo Bujumbura wiki ile hawahitaji kusimuliwa. Watu walikimbia mitaa ya kusini na magodoro kichwani, maduka yakafungwa, makombora yakawa yanadondoka popote. Gasenyi ilikuwa mbali na mapigano, lakini barabara ya kwenda mjini haikupitika. Zubeda alikaa sebuleni, bahasha mapajani, na ile Alhamisi ya miaka kumi nyuma ilikuwa imerudi nyumbani kwake bila hodi. Neno lilikuwa mdomoni, si nilikwambia, na Assia aliliona pale lilipo. Zubeda alilimeza. Katika maisha yake yote hilo ndilo neno gumu zaidi alilowahi kulimeza, na baadaye alijisifia kulimeza kuliko dosye zote alizoziandika.

Jumatano ya wiki iliyofuata chuo kilifungua mlango. Tarehe ya mwisho haikusogezwa: Ijumaa, saa tisa na nusu. Zubeda na Assia walipanda Kiriri kwa miguu. Karani wa dirishani, Callixte, kijana mpole mwenye miwani, alifurahi kumwona Zubeda na akamtania kwamba leo amechelewa hadi watu wamemhofia. Akapekua karatasi moja baada ya nyingine. Kwenye cheti cha tabia njema akasimama.

Cheti kile, alieleza kwa upole, kinaishi miezi mitatu tu. Hiki kilipigwa muhuri tarehe ishirini na nane Machi. Kilikufa mwezi Juni.

Zubeda alikichukua na kuusoma muhuri mwenyewe. Kanuni ile aliijua kama anavyoijua sala ya alfajiri. Aliwahi kuwafokea wateja mia kwa ajili yake. Lakini katika miaka kumi hakuna cheti kilichowahi kukaa mikononi mwake zaidi ya wiki mbili, basi kanuni yenyewe ilikuwa imelala kichwani mwake. Alikuwa amekubali kungoja, lakini kwenye karatasi alikuwa ameshawahi kimya kimya. Mpwa wake alikuwa ameshinda kemia, na sasa haraka ya shangazi ndiyo inataka kumfungia mlango.

Callixte hakuwa na la kufanya zaidi ya kusema kwamba bado kuna siku mbili. Walirudi Gasenyi. Ofisi ya mkuu wa mtaa ilikuwa na kufuli, na jirani akawaambia kwamba mkuu mwenyewe, Népomuscène, yuko kwa mashemeji zake Kinama tangu mapigano yaanze. Assia aliketi kwenye ngazi za ofisi. Alikuwa hajalia wiki zote mbili, lakini pale alijifunika uso. Zubeda alimtazama, akafikiri, akauliza jirani swali moja tu: muhuri uko wapi? Jirani akacheka. Tangu ofisi zilipoanza kuporwa, mihuri ya serikali ilikuwa inatembea mifukoni mwa wenyewe.

Alhamisi asubuhi watu wa njia ya Kinama waliona kioja. Baiskeli ya abiria ilikuwa inakuja polepole, mwendeshaji anatweta, na kwenye kiti cha nyuma mama mnene amepakata taipureta kama mwanamke anayempeleka mtoto kliniki. Karatasi alikuwa amezifunga kwenye khanga ili jasho lisizifikie. Assia alikuwa anatembea kando, ameshika mashine kwa mkono mmoja isiangushwe na mashimo.

Népomuscène walimkuta uani, amevaa kandambili, anakunywa chai. Alisimama kwa heshima, maana barua zake zote za kuomba mabati ya ofisi zilipigwa na mama huyu. Walisalimiana, wakaulizana habari za watu na za mabomu. Zubeda akaeleza shida yake. Mkuu alisikitika sana, akasema anamjua binti huyu tangu yuko mdogo na tabia yake haina doa, lakini afanyeje.

"Mama Zubeda, ofisi imefungwa. Formulaire zote ziko mule ndani."

"Chef, ofisi ni we na muhuri wako," Zubeda akasema. "Hayo mengine nimekuja nayo."

Akaweka taipureta juu ya kinu kilichopinduliwa, akaingiza karatasi na kuanza kupiga. Hakuwa na cha kunakili. Fomu ile aliijua kichwani, kila mstari, kila nukta, hadi nafasi tupu ya tarehe. Mashemeji walitoka nyumbani kutazama. Watoto waliacha mchezo wakasogea. Kwa dakika kumi uani pale ikasikika taipureta tu, na Assia alisema baadaye kwamba siku ile ndipo alipoelewa shangazi yake ni nani. Miaka yote alikuwa amemwona mwanamke anayegombana na wateja. Siku ile aliona fundi.

Mkuu alisoma, akatikisa kichwa kwa kustaajabu, akatoa muhuri mfukoni mwa shati, akaupulizia pumzi na kuugandamiza. Tarehe kumi na saba Julai. Zubeda aliisoma mara tatu.

Ijumaa walikabidhi dosye saa tisa na dakika tano. Callixte aliandika namba kwenye daftari: mia sita na kumi na mbili. Walisubiri nje ya geti hadi dirisha lilipofungwa, na hakuna aliyekuja nyuma yao. Buyenzi nzima ilikuwa imeshajua kabla ya magharibi. Yasmina, muuza khanga wa jirani, alipita makusudi mbele ya kibaraza kuuliza kama ni kweli dosye ya nyumba ya Zubeda imekuwa ya mwisho mji mzima. Zubeda akamjibu kwamba ni kweli, tena ya mwisho kabisa, akaendelea na kazi.

Mtihani ulifanyika Agosti, na baada yake mahojiano. Septemba majina yakabandikwa ukutani. Zubeda hakutaka kupanda. Alibaki mezani, akapiga barua ya mtu mmoja na kukosea mara nne, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Alimwona Assia anatokea mwisho wa avenyu, hakimbii, anatembea tu, na moyo wake ukashuka. Assia alifika, akazunguka meza, akapiga magoti pale pale vumbini kama inavyompasa mtoto kwa mzazi, na kumshika mikono.

"Niko wa ine, Shangazi. Kwa kumi na tano."

Wa nne! Zubeda alilia mbele ya wateja, mbele ya muuza vipuri, mbele ya Yasmina, na hakujificha. Alipopata sauti aliuliza kile kilichokuwa kinamkereketa tangu Agosti, na ambacho Assia alikuwa hajathubutu kumwambia: je, kwenye mahojiano waliona ile namba ya mwisho?

Waliiona, Assia akasema. Mama mkuu wa chuo, aliyekuwa mkunga kwa miaka thelathini, aliikazia macho, akauliza mbona mtu anayeitaka kazi hii kwa moyo amekuja wa mwisho kati ya watu mia sita na kumi na wawili.

"We ukamujibu nini?"

"Nikamwambia, Mama, mtoto hazaliwi juu ya kuharakishwa. Anazaliwa mimba ikitimia. Na mi nimetimia."

Yule mama, Assia alisema, aliweka kalamu chini na kucheka hadi akafuta machozi, kisha akaandika kitu ambacho hakumwonyesha.

Zubeda alimtaka arudie. Assia akarudia. Zubeda akamwita muuza vipuri aje asikie, na Assia akarudia mara ya tatu, ameona haya. Kisha Namba Moja akafunika taipureta yake saa nne asubuhi, siku ya kazi, wateja wakiwa wamepanga foleni, akamshika mtoto wa kaka yake mkono na kwenda naye nyumba kwa nyumba, avenyu ya kumi na nne hadi ya kwanza, kuwaambia watu.